Papa, Jina Lako Nimeliondoa Mbele

Papa,

Usinicheke mwandiko, ninaandika kwa haraka. Tangu tukuzike kule Nkanka, risasi zimeanza tena Bukavu. Hapa Kamembe, upande wa Rwanda, tunazisikia, na kila zikilia ninafunga madirisha, utadhani madirisha yetu ni ya chuma.

Ile programu yako ya kompyuta ya kupima dawa za watoto kwa kilo zao imeombwa ng'ambo, Bukavu. Maman Nsimire, yule muuguzi wa dispansere, zahanati ya kule, aliyekuwa anakutania "Papa wa Masini" kwa ajili ya kompyuta yako, amebaki peke yake, daktari amekimbia. Anapiga hesabu za dozi kwa kichwa, usingizi hana, anaogopa ataua mtoto. Akanipigia: "Dada, nitumie ile kitu ya Papa, lakini isinisumbue. Niweke CD, nibofye mara moja, basi."

Wewe ulikuwa unagawa faili moja moja na karatasi ya maelezo. Ah, Papa, karatasi ile hata mimi ilinitoa jasho! Basi nikafunga vyote pamoja, programu na kila kitu inachokitegemea, kwenye CD moja isiyotaka intaneti wala kuuliza swali. Nikaijaribu kwenye kompyuta ya Mzee Saidi, fundi wa redio. Ikajiweka yenyewe. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Halafu ikafunguka, na jina lako likajaa skrini nzima, refu, la Kinyarwanda kabisa.

Kule sasa watu wanatolewa nyumbani kwa sababu ya jina la Kinyarwanda tu. Askari wanaingia dispansere kufungwa vidonda, wanasimama nyuma ya Maman Nsimire. Mmoja akilisoma, je? Akimuuliza anamfanyia nani kazi?

Na sharti lako lilikuwa hilo moja. Chukueni, geuzeni, gaweni bure, ila jina la aliyetengeneza lisifutwe. Ulizaliwa Bukavu wakakuita mgeni, ukarudi huku wakakuita Mukongomani. Ndani ya programu hiyo tu ndimo jina lako lilimokaa bila kuulizwa limetoka wapi. Ningekufutaje? Nililia mpaka Mzee Saidi akazima redio aliyokuwa anaitengeneza.

Sikulifuta. Nimelishusha ndani, kwenye faili ya leseni, penye sharti lako, anakofika fundi tu. Mbele nimeacha "Dawa za Watoto". Asubuhi ya leo Maman Zawadi, mbebaji wa mizigo pale Rusizi ya Kwanza, kwenye daraja la mpakani, amevuka na CD ndani ya gunia la mchele wa Bugarama.

Mchana Maman Nsimire akapiga, sauti chini: "Iko natembea, dada. Batoto nimeanza kubapimia. Askari mumoja ameuliza nani alitengeneza. Nimemwambia, muntu wa kwetu."

Hakudanganya, Papa. Nikafurahi, wallahi nikafurahi, umesikia? Kisha simu ikakatika. Tangu hapo haipatikani, na Maman Zawadi hajarudi. Ninaogopa. Ninaogopa wameichimbua ile faili, na kwamba mwanamke wa watu atakufa kwa sababu mimi sikuthubutu kukufuta kabisa.

Pumzika, Papa wangu. Siku watu watakapovuka daraja bila kuulizwa wao ni nani, nitalirudisha jina lako mbele, kwa herufi kubwa, nakuahidi. Leo unisamehe. Hata humu, ninapokuandikia wewe mwenyewe, nimeogopa kuliandika.

Binti yako