Nilibonyeza Ndiyo kwa Niaba ya Mama

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na mtaa wetu wa Rhonda wote ni matope. Nimefungua cyber na kuwasha kompyuta lakini hakuna mteja hata mmoja, na afadhali iwe hivyo, kwa sababu leo sina uso wa kuangalia mtu.

Mnaosoma blogu hii mnanijua. Mimi ndiye yule wa makelele. Nimeandika hapa kuhusu maaskari wa geti wanaotaka namba yako ya simu ndio uingie kwa jengo kupeleka bahasha tu. Nimeandika kuhusu app ya tochi inayotaka ruhusa ya kusoma meseji zako. Tochi, jamani! Meseji inazipeleka wapi? Nimeandika kuhusu sheria, kwamba iko upande wetu, kwamba hakuna kampuni inayoruhusiwa kuchukua kitu chako kabla haijakueleza na wewe ukakubali. Wateja wakija hapa kujisajili kwa hiki na kile, siwaachi wabonyeze "Nakubali" kabla sijawasomea. Kuna mzee mmoja aliniuliza, "Madam, wewe ni wa photocopy ama ni wakili?" Nilicheka, lakini moyoni nilijiona wakili kweli.

Sasa wacha niwaambie wakili wenu amefanya nini.

Kabla ya mvua kuanza, kampuni moja ya ng'ambo ilianza kutafuta sauti za lugha zetu. Wanasema wanafundisha kompyuta kusikia na kuongea. Tangazo lao lilikuwa na picha ya nyanya anacheka, na chini yake: "Sauti ya mama yako ni hazina." Unajisajili, unarekodi mtu akiongea lugha ya nyumbani, unatuma, wao wanakutumia bundles za intaneti. Nilisoma masharti yao yote, neno kwa neno, maana mimi si mtu wa kubonyeza ovyo. Nilitafuta kosa nikakosa.

Kwetu tunaongea Kimaragoli. Baba alikuja Nakuru na kazi ya reli, akamleta Mama, na sisi tukazaliwa hapa hapa. Baba alishatuacha. Dadangu Fridah ameolewa Gilgil, nami nimebaki na Mama. Kimaragoli changu mimi ni cha kuitishia chumvi mezani, basi. Kwa hivyo nilijiambia nikimrekodi Mama nitakuwa nimeisaidia lugha isipotee. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ile nyingine ilikuwa bundles.

Shida ni kwamba Mama ukimwekea simu mbele anakauka. Nilimwambia aongee tu, chochote. Akakaa wima, akaweka mikono magotini, akaanza kujitaja jina lake, la babake na la kijiji, kama mtu ameitwa na chifu. Punde tu akachoka. "Si hiyo inatosha?" Niliituma, na kampuni ikanirudishia. Walitaka mazungumzo ya kawaida, yenye hisia.

Yenye hisia. Hapo ndipo akili mbaya iliniingia.

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, Mama huomba. Nyumba yetu ni ya mabati, na kati ya chumba chake na changu ni mbao tu, kwa hivyo nimeamshwa na maombi hayo maisha yangu yote. Wageni wakiwepo, na hapo tu, Mama huomba kwa Kiswahili, yale maombi mafupi ya kushukuru kwa chakula na kubariki mikono iliyokiandaa. Lakini akiwa peke yake na Mungu wake ni Kimaragoli kitupu, na hapo hata haombi, anaongea. Anamuuliza Nyasaye, ndiye Mungu kwetu, maswali. Kuna siku anamgombeza. Anatutaja mmoja mmoja kwa majina ya nyumbani, pamoja na shida zetu, vile mama hupeleka mtoto hospitali akamwonyesha daktari kila mahali panapouma.

Niliweka simu karibu na ufa wa ubao.

Nilifanya hivyo asubuhi kadhaa. Aki, nilikuwa nabonyeza kitufe cha kurekodi halafu nageuka narudi kulala. Wakati wa kutuma, app iliuliza swali moja: "Je, mzungumzaji ameelezwa na amekubali?" Kulikuwa na Ndiyo na kulikuwa na Hapana.

Nilibonyeza Ndiyo. Hata sikusita. Mimi ambaye hushika watu mkono hapa cyber, "ngoja kwanza, soma."

Mngeniuliza siku hiyo, ningewaambia haina madhara. Sauti inaenda ng'ambo, inaingia kwa mashine, inachanganywa na zingine nyingi, nani atajua? Huo ndio ujinga wenyewe. Mashine bado haijui Kimaragoli, ndiyo maana wanakitafuta. Lazima kwanza mtu akae asikilize, aandike kila kinachosemwa. Na mtu anayeelewa Kimaragoli utamtoa wapi? Ng'ambo hayuko. Utamtoa kwetu.

Wakamtoa kwetu. Anaitwa Doreen, na ni binamu wa shemeji yangu, mume wa Fridah.

Doreen alimaliza chuo akakosa kazi, akapata hii ya kusikiliza na kuandika akiwa kwao Vihiga. Fikiria ameketi na earphones zake, anasikia mama fulani akimlilia Mungu juu ya binti yake Fridah wa Gilgil. Kwamba mimba zinatoka. Kwamba Fridah na mumewe wamewaficha wakwe, kwa sababu mama mkwe ameshaanza kuuliza maswali. Doreen alikula pilau kwenye harusi yao. Hakuhitaji kuambiwa huyo Fridah ni yupi.

Namshukuru kwa jambo moja, hakuwapigia wakwe. Alimpigia Fridah. Lakini na yeye ameweka sahihi ya kutotoa siri za kazi, kwa hivyo hakusema amesikia wapi. Alimwambia tu, "Fridah, mwambie mamako apunguze kuombea mambo yako kwa sauti. Yamenifikia."

Fridah akampigia Mama, analia. Mama hupokea simu zote kwa loudspeaker, kwa hivyo nilisikia kila kitu nikiwa hapo hapo naosha vyombo. "Mama, umeniombea mbele ya nani? Umeniweka kwa midomo ya watu?" Mama akaapa. Akasema hajamwambia mtu, ni Mungu tu. Halafu akasema, "Na Mama Kevo. Nilimwambia Mama Kevo mara moja."

Nilijua saa hiyo hiyo. Fridah alikuwa amemtaja Doreen, na kazi mpya ya Doreen niliijua. Niliendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Mama Kevo ni jirani yetu wa mlango wa tatu. Baba alipofariki, huyo mama alilala kwetu hadi mazishi, akipika na kufua kama nyumba ni yake. Mama alivaa leso akamwendea, na alichomwambia sikukisikia, lakini nilimwona Mama Kevo jioni anachota maji na macho mekundu. Akaacha kuja kwetu. Kwa fellowship ya kanisa wakawa wanakaa pande mbili tofauti. Mama alikuwa akirudi ananiambia, "Watu, Kageha! Watu si wa kuaminiwa." Mimi naitikia, "Eeh, Mama."

Wiki nzima na zaidi niliitikia hivyo.

Na hii sehemu ndiyo inanifanya nitamani ardhi inimeze. Katika siku hizo hizo niliweka makala hapa kuhusu kampuni zinazovuna sauti za wazazi wetu. Mnaikumbuka. Niliandika kwa hasira, nikataja sheria, nikauliza haya zimeenda wapi. Mkanipongeza sana. Kuna mtu aliandika "Kageha kwa bunge." Nilizisoma pongezi zote, na nilizipenda.

Kampuni nayo nikaiandikia barua pepe kali. Nikadai wafute. Nikawatishia kuwashtaki. Nikangoja.

Lakini Jumapili nilishindwa. Kanisani Mama Kevo aliinuka kuomba ombi lake, akafungua mdomo, akaangalia upande wa Mama, akakaa tena. Tulipofika nyumbani nilimwambia Mama nina neno.

Alikuwa anachambua kunde. Nilianzia mbali, vile mtu mwoga huanza. Nilieleza kampuni, kompyuta, lugha zetu kupotea, sheria inasema nini kuhusu idhini. Niliongea kama makala. Mama aliendelea kuchambua hadi nikafika kwenye maombi, hapo mikono ikasimama.

"Wewe ulikuwa unanisikiliza?"

"Si mimi, Mama, ni simu. Kampuni ndiyo..."

"Sijakuuliza ya kampuni. Simu ni ya nani?"

"Ni yangu."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele, au anirushie hata hiyo sinia. Aliinuka, akaacha kunde hapo, akatoka kwenda kwa Mama Kevo na viatu vya kanisa kwenye matope yale. Nilisema naenda naye. Akasema, "Kaa." Akakaa huko hadi giza likaanza kuingia. Hawajaniambia walichoongea na sitauliza. Jana Mama Kevo alipita hapa akanisalimia, "Sasa, Kageha," kwa upole kabisa, nikajifanya natafuta karatasi chini ya meza.

Fridah nilimpigia mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Si wewe ndio hutuambia tusome masharti?" Akakata. Doreen amenyamaza, Mungu ambariki, lakini Fridah sasa anaishi akihesabu kila salamu ya wakwe, huyu anajua, huyu hajui. Wala mimi sijui kama ni Doreen peke yake aliyesikiliza.

Jumatatu alfajiri niliamka kabla ya wakati. Nilitaka kusikia atanitaja vipi kwa Mungu wake. Nilikuwa tayari kushtakiwa. Nikasikia kitanda, nikasikia magoti yakigusa sakafu. Halafu kimya. Kimya kirefu, mvua tu juu ya mabati. Baadaye nikasikia kiberiti.

Jana vilevile. Leo vilevile. Yuko upande wa pili wa ubao anaomba kwa midomo, anatuficha, mimi na simu yangu.

Jana mchana kampuni ilinijibu. "Mpendwa mchangiaji." Barua ya adabu sana. Kumbukumbu zao zinaonyesha kwamba nilithibitisha mzungumzaji ameelezwa na amekubali, na kama nilithibitisha uongo, basi aliyevunja masharti ni mimi. Wanasikitika. Ili sauti ifutwe, mzungumzaji mwenyewe ajirekodi akitaja jina lake na kusema kwa lugha yake kwamba anaondoa ruhusa. Wanahitaji kulinganisha sauti.

Niliisoma barua hiyo kama ninavyosoma masharti, natafuta kosa. Natamani sana ningepata. Nimezoea kampuni ikiwa mkosaji na mimi nikiwa wakili, na kusema kweli bado naona hao watu ni wajanja, wameweka kile kitufe hapo wakijua fika ni nani atakibonyeza na kwa nini. Lakini kitufe cha Hapana kilikuwepo. Kilikuwa kikubwa kama kile kingine.

Kwa hivyo niko hapa. Ili nimtoe Mama kwenye mashine yao, lazima nimwombe aongee kwa simu yangu. Ile ile. Nikimwambia "Mama, rekodi tena kidogo," atanionaje? Na nisipomwambia, maombi yake na jina la Fridah yatabaki huko maisha. Lazima nimwambie. Safari hii nitamsomea barua yote, kwa Kiswahili na kwa hicho Kimaragoli changu cha chumvi, na simu nitampa aishike yeye. Akisema Hapana kwangu pia, nitaipokea.

Makala ile ya haya zimeenda wapi nimeitoa. Msiitafute.

Nilikuwa nimepanga kumwambia jana jioni baada ya chakula. Nilipika ugali na zile kunde, nikatia maziwa vile anavyopenda. Nikatenga meza. Mama alikaa, akaangalia meza, akaangalia mifuko ya sweta yangu.

"Simu yako iko wapi?"

"Iko kwa kitanda, Mama. Nimeizima."

Akaitikia kwa kichwa. Akafumba macho, nami nikafumba, nikasikia sauti yake ikiomba kwa mara ya kwanza tangu Jumapili asubuhi. Nilifurahi hadi nikataka kulia. Halafu nikasikia maneno.

"Mungu Baba, tunakushukuru kwa chakula hiki. Bariki mikono iliyokiandaa. Wape na wasio nacho. Amina."

Kwa Kiswahili.

Tulikuwa wawili tu mezani. Nilifumbua macho, nikamkuta ananisogezea sahani yangu kwa mikono miwili, taratibu, akitabasamu kidogo kwa heshima.

"Karibu chakula," akaniambia.

Nikasema asante.