Faili Linaloanza na Udongo

Kaka Bura,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa ndugu, jamaa na majirani wote, kuanzia Dongobesh hadi Masieda na vitongoji vyake, kwamba kile kifuniko cha lenzi ulichokitafuta msimu mzima wa mahindi kimepatikana. Kiko kwenye banda la kuku la mkeo. Vifaranga wanakinywea maji. Wamekizoea, sitawanyang'anya.

Hilo ndilo la heri. Kwa mengine yote nina hasira na wewe.

Nina hasira kwa sababu uliteremka Yaeda Chini kwa pikipiki wakati njia ni utelezi mtupu, na nilikuambia. Ukasema, "Mwanga wa baada ya mvua haurudi, Fabi." Haya. Mwanga umerudi, kaka. Kila mvua ikikatika unarudi. Wewe ndiye hukurudi. Kamera waliikuta mkobani haina hata mkwaruzo, umeiviringishia sweta lako kama mtoto mchanga. Ungejiviringishia wewe.

Halafu picha. Mtu aliyepiga picha nusu ya wilaya! Ubatizo ni wewe, kipaimara ni wewe, hata madume ya watu wa Getanuwas wanaotaka kumbukumbu kabla ng'ombe hajaenda mnadani. Siku ya kukuzika, mbele ya jeneza tukaweka picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka pua imekuwa mabaka. Ulionekana kama mtu anayetafutwa na polisi. Neema alikataa kuishika. "Huyu siyo baba." Watu wazima wakamwambia nyamaza. Kwa nini anyamaze? Hakuwa wewe.

Mkeo akaniita jikoni. "Fabi, siku ya kusimika msalaba kaburini panakaa kigae chenye picha, na kigae hakitoki. Neema atakua akimwangalia huyo wa kitambulisho mpaka aamini ndiye baba yake. Nitafutie nyingine. Wewe ndiye uliyekuwa unazunguka naye."

Kuzunguka nilizunguka. Miaka yote nimekushikia taa. Lakini wewe mbele ya kamera? Ulikuwa unaikimbia kama kifaranga anavyokimbia kunguru. Isipokuwa mara moja kwa kila harusi. Maharusi hawajafika, unanipa kamera, unakwenda kusimama pale atakaposimama bibi harusi. "Bonyeza, nione mwanga unakaaje." Unaweka mkono kiunoni, unalaza shingo, unarembua. Akina mama wa jikoni walikuwa wanaacha wali uungue. Ndiyo maana nikamwambia Mama Neema, ipo. Ile harusi ya mwisho ya Getanuwas, ipo humo ndani.

Ila kikao cha ukoo kilikuwa kimeshapita, na kamera amepewa kaka yako Safari. Nikafika kwake nikamkuta amekaa kwenye kigoda anaisafisha. Lenzi ameifuta kwa mafuta ya kupikia, inang'aa kama kikaango. Na sasa, akasema, anasafisha ndani.

"Ndani kufanyaje?"

"Wewe Fabi, unaweza kumuuzia mtu debe lina mahindi ya mwenzako? Unamwaga kwanza." Akanigeuzia kioo cha kamera. "Halafu hata mahindi yenyewe hamna. Angalia. Udongo. Udongo. Udongo. Huyu mdogo wangu alikuwa anazunguka na petroli yote ile kupiga picha udongo?"

Kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta zote. Nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili, kisha nikampokonya.

Na hasira yangu hapo haikuwa kwake. Ilikuwa kwako. Yeye ni mkulima, ameona udongo, amesema udongo. Wewe ndiye uliyeweka kamera kwenye ule mtindo wako wa kufyatua mfululizo, ule unaoanza kukamata kabla mtu hajabonyeza. "Jicho linachelewa, Fabi, mashine haichelewi." Sawa. Lakini mashine inaanza wakati mkono ndiyo kwanza unainua kamera kutoka kiunoni! Kwa hiyo kila faili linaanza na ardhi, na viatu vyako, na kuku akipita. Picha zote, mbichi kama zilivyopigwa, zimerundikwa humo, na mlangoni umesimamisha udongo. Nilipokuuliza zinatolewaje mojamoja, ulisema, "Hiyo utajua baadaye, shika taa." Baadaye ipi, kaka? Uliniambia baadaye ipi?

Nikaipeleka steshenari, tukafungua kwenye kompyuta yao. Faili kubwa, kompyuta ikahema, ikatoa picha moja. Udongo. Kijana wa pale akanipa pole ya msiba upya. Nikarudi nyumbani nikakutukana Kiswahili chote, nikamalizia kwa Kiiraqw, maana Kiswahili kina adabu nyingi.

Nikakaa na kamera yenyewe, nikabonyeza kila kitu isipokuwa kufuta. Kumbe jibu liko pembeni ya kioo: alama ndogo, kama karata zimepangana. Ukiigusa, faili linafunguka kama gunia. Picha zinajipanga mstari, unazisogeza kwa kidole, unachagua moja, unaiambia ijitenge ikae peke yake. Ndiyo hivyo tu! Jambo la kumwelekeza mtu wakati mnasubiri chai!

Udongo. Viatu vyangu. Pindo la suruali yako. Mkanda. Kisha wewe. Mkono kiunoni, shingo umelaza, unarembua. Nikasogeza. Hapo umeshaanza kucheka. Nikasogeza tena: umeacha ubibi harusi, mkono umeshuka, unaniangalia mimi, mdomo umefunguka kidogo. Najua ulichokuwa unataka kusema. "Umechelewa."

Hiyo ndiyo niliyoitoa. Nikaitoa mara mbili, isije ikapotea.

Ilipochapishwa, Neema aliishika kwa mikono yote miwili. Mkeo alitoka nje, akaenda kukata kuni ambazo zilikuwa zimeshakatwa.

Safari ameniachia kamera hadi mavuno. Basi nakuahidi: kila faili lako la udongo nitalifungua. Wote uliowaacha wamekwama humo, maharusi, vichanga, madume ya Getanuwas, nitawatoa mmojammoja niwapeleke kwa wenyewe. Na atakayetaka kujifunza nitamwonyesha siku hiyohiyo, chai haijapoa. Pumzika, kaka. Hasira sijaimaliza, lakini pumzika.

Msalaba tumeusimika, kigae kimekaa vizuri. Watu walipoondoka Safari alibaki amesimama mbele yako, kofia mkononi, muda mrefu. Nikajua analia, nikamsogelea nimshike bega.

"Hilo shati alilovaa," akasema, "ni langu."

Nimemuuliza mkeo. Ni la Safari kweli.