Ule Mwisho wa Gemu Ulioutetea

Mdogo wangu Maduhu,

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu zile tatu nilizofunga kwenye bahasha ulizijibu kwa mistari minne. Najua hupendi maneno mengi. Hata kwenye gemu ulikuwa unayaruka maandishi ili uwahi kupiga risasi.

Unalikumbuka lile gemu la rubani. Mjomba Limbu alilileta kutoka Mwanza pamoja na televisheni ya rangi na jenereta, msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika Bariadi na kila mwenye kibanda akajiona mfanyabiashara. Wewe ulikuwa unacheza tangu asubuhi hadi macho yanakuwa mekundu. Mimi nilikaa uani kwenye jenereta, nikitia mafuta na kuvuta moshi wake, nikichungulia dirishani.

Siku ulipolimaliza, chumba kizima kilipiga makofi. Rubani alirudi kwenye sayari yake baada ya miaka mia moja. Akakuta taa zinawaka, mashamba yamechanua, na watu wake wote wamelala ndani ya masanduku ya kioo, ngozi laini, hata mvi hakuna. Akagusa kioo cha kwanza, wakaamka mmoja mmoja wakiita jina lake. Basi, mwisho.

Nikaingia na dumu mkononi. "Maduhu, nani alikuwa anatia mafuta?"

"Mafuta gani tena, dada?"

"Ya hizo taa. Miaka mia! Hii ya mjomba ikikaa saa nne bila mtu inazima."

Ukanitazama kwa huruma ya msomi wa kidato cha pili. "Hiyo ni sayansi, dada. Wewe hujui."

Nikakuambia sayansi naijua, maana bwana shamba alitufundisha sote: mavuno yakiisha, miti ya pamba ing'olewe na kuchomwa, la sivyo funza wanabaki humo na msimu unaofuata wanamaliza vitumba vyako na vya jirani. Mwaka mmoja tu unatosha. Hao wa kwenye gemu walilala karne nzima, na mashamba yakachanua yenyewe? Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Wewe ukanuna, ukasema naharibu mambo mazuri, kwamba mtu aliyependwa akirudi, kila kitu kinakuwa kinamngoja. Ulisema hivyo mbele za watu, bila haya. Nilikudharau siku hiyo, mdogo wangu, na sikujua kwamba nilikuwa nimeanza tu.

Maana miezi miwili baadaye ulipanda lori la wanunuzi ukaenda Mwanza, kisha Dar, na shamba lako la Kasoli ukaliacha miti imesimama. "Nitaing'oa nikirudi." Majirani walikuja kulalamika kwa mama, na walikuwa na haki. Tuliing'oa mimi na yeye, siku nne, viganja vikatoka malengelenge, naye huku anavuta mizizi ananiita mama kwa Kisukuma na kukusifu: "Mayu, mdogo wako ana akili za mjini." Niliendelea kung'oa kwa heshima yake, si yako.

Mama huyo ndiye niliyekuandikia habari zake. Ilianza kidogo kidogo. Alitia chumvi kwenye maziwa. Alikwenda kupalilia mwezi wa nane, kwenye vumbi tupu. Sasa ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki. Hospitalini walisema ni ugonjwa wa kusahau, na hautarudi nyuma. Nikakuomba uje haraka, angali anazikumbuka sura chache. Ukajibu: "Msihangaike. Nitakuja kazi zikipungua. Mama ni mama, akiniona tu atakumbuka."

Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya. Mtu mzima, una mke, una mtoto, una funguo za ofisi, na bado unaishi ndani ya lile gemu! Unadhani huku tumelala kwenye vioo tukikungoja uguse. Mama amezeeka kila siku ya Mungu, Maduhu, na kila siku kuna mtu aliyemwogesha, akamlisha, akamfuata barabarani alikopotelea. Mtu huyo ni mimi, na hujawahi hata kuuliza kama nimechoka. Nimechoka.

Na nikuambie lililo la aibu kwangu. Siku ile, wale watu walipoamka, nililia pale dirishani. Nilijifuta machozi kabla sijaingia na dumu. Nilitaka iwe kweli kuliko wewe ulivyotaka, na ndiyo maana nilikasirika vile. Hata leo gari likisimama karibu na nyumba nakimbilia dirishani, halafu najidharau nusu ya ninavyokudharau wewe.

Juzi nilimpa mama picha yako. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaniuliza kwa adabu, mwenyewe atakuja lini kuichukua.

Kwa hiyo njoo, lakini njoo ukijua. Ukifika usimrukie ukisema "Mama, ni mimi," maana anaogopa. Simama mlangoni, inama kidogo, msalimie kwa Kisukuma kama mama yeyote, "Mwadila, mayu." Kisha taja jina lako na jina la baba yako, taratibu, kama mtu anayepita njia. Atakupa kiti. Wageni bado anawapenda.

Ni mimi,
dada yako.