Nyasi Ndani ya Hiace

Nyanga, Bukoba

Mwanangu Edvina,

Huku mvua inanyesha, kahawa imechanua. Ile Hiace kuukuu niliing'oa viti, nikachomelea sakafuni chuma cha kushika gurudumu, ili kaka yako Gozbert apakie pikipiki yake kwenda mashindanoni. Hakuwahi kuipakia.

Umeuliza tulimpelekaje Kamachumu kuzikwa. Ni kwa gari hilohilo. Kile chuma kilifanya jeneza licheze, nikashindwa hata kutazama. Mama yako akatandika nyasi, kama tunavyotandika sebuleni kumpokea mgeni, likatulia.

Sasa nataka gari libebe ndizi, lakini mama yako hataki nyasi zifagiliwe. Anasema Gozbert bado hajashuka.



Baba yako,
Clavery