Bibi Hupumzika Mara Tatu

Jumanne. Uluguru umejifunika mawingu tangu asubuhi. Kwa Shangazi Felista, Kihonda, hakuna aliyeitikia salamu yangu.

Naandikia hapa intaneti kafe, lilipokuwa duka la ushirika. Hakuna anayenijua. Afadhali.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea kule mlimani baada ya mama kufariki. Wiki iliyopita alilazwa hapa mjini ili atolewe uvimbe tumboni. Daktari wa usingizi alimuuliza kama kifua humbana anapopanda mlima. Bibi akasema hapana, yeye hupanda na tenga la kabichi bila kupumzika. Aliogopa kurudishwa nyumbani na uvimbe wake.

Alidanganya. Hupumzika mara tatu, mkono kifuani, na kila mara hunionya nisimwambie mtu.

Mimi, ambaye darasani sikuwahi kunyoosha kidole, nilimfuata daktari koridoni. Nikamweleza huku nikitazama viatu vyake.

"Umefanya vizuri, binti," alisema. "Nilipanga kumlaza usingizi kwa sindano. Sasa nitatumia dawa ya kuvuta. Inaleta usingizi, na pia inausaidia moyo kuvumilia damu ikipungua. Si kinga kamili, lakini kwa moyo kama huo naitaka."

Akarudi kumpima upya, na mbele ya wodi nzima akamwambia kwamba mjukuu wake amesema kila kitu.

Bibi hakunitazama.

Upasuaji ulikwisha salama. Moyo haukuyumba. Sijui kama ni ile dawa. Daktari mwenyewe hakuapa.

Jana nilimpelekea uji. Shangazi alikuwepo na wanawe, pamoja na majirani walioshuka mlimani kumjulia hali. Nikamwamkia Bibi. Akawageukia wageni.

"Huyu ni mtoto wa mwanangu wa kiume. Ukoo wake uko kwa mama yake. Damu yangu isingenivua nguo mbele za watu."

Shangazi akatabasamu. "Mama, si ulisema huyu ndiye atakayekuzika?"

"Hilo lilitolewa pamoja na uvimbe."

Walicheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Najua sisi Waluguru ukoo hufuata mama. Lakini miaka yote hii hakuwahi kunitamkia hilo. Na ukoo wa mama yangu siujui hata kwa sura.

Ningenyamaza, labda ningemzika nikiwa mjukuu wake. Nimesema, yuko hai, na mimi si mtu wake.

Ningesema tena.

Kesho nitapika uji mwepesi, anaoupenda. Akiukataa, nitauacha kando ya kitanda na kwenda kukaa koridoni.