Viatu Vilivyokosa Kamba

Nyumba ya kona,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa sana kwenye mashine umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kulia limegoma kupanda ngazi, lakini mdomo ungali mzima, kama utakavyoona kwa urefu wa barua yenyewe. Mkaza mjomba wako amepona mafua na amerudi kwenye kazi yake ya kuninyima sukari.

Umeniletea ujumbe mara kadhaa ukiuliza kwa nini mama yako hapokei simu zako. "Anaumwa? Amenikasirikia? Mjomba, niambie tu." Haumwi. Sababu nitakueleza, ila unanijua: miaka yote niliyofundisha biashara sekondari sikuwahi kujibu swali kabla ya kufuta ubao. Nivumilie, nianze mbali kidogo.

Kiwanda chetu cha viatu kilipofungwa, wewe ulikuwa bado mtoto. Viatu vya nje viliingia kwa bei ndogo kuliko hata ngozi tuliyotumia sisi. Mama yako, aliyekuwa mshonaji wa sehemu za juu za viatu, akarudi nyumbani kushona sare za watoto wa watu. Kwenye cherehani ile ndipo alipokufundisha, na ufundi huo ndio uliokupeleka huko ng'ambo, kwenye kiwanda kikubwa cha viatu. Hatukukuonea wivu. Tulijisifu kwa majirani mpaka wakatuchoka.

Basi serikali ilipotangaza ushuru mkubwa kwa viatu vinavyotoka nje, nilifurahi kama mtu aliyepunguziwa umri. Hesabu yake niliiona nyepesi. Kiatu cha nje kikitozwa kodi kinapoingia, dukani kinapanda bei, na anayetaka kutengeneza kiatu hapa nyumbani anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Waliniita kwenye ukumbi wa shule ya msingi niwaeleze wazazi. Niliwaambia wavumilie bei kwa muda, kazi zitarudi. Baba mmoja akauliza, "Mwalimu, na zisiporudi?" Nikamjibu kwamba mwekezaji tunaye, tena ni damu yetu.

Damu yenyewe ni binamu yangu, Mipango. Jina hilo alilipata ujanani, maana ukimuuliza lolote jibu lake lilikuwa, "Tuko kwenye mipango." Safari hii mipango ilionekana kwa macho. Alinunua jengo la kiwanda, akapaka lango rangi ya buluu, akawaita wafanyakazi wa zamani. Siku ya kwanza mama yako alikwenda na mkasi wake mwenyewe, ameunoa, ameufunga kwenye kitambaa safi. Bi Gundi, yule mama mcheshi aliyekuwa akibandika soli, alikwenda na brashi yake.

Maboksi yakafunguliwa. Wote walitarajia ngozi. Ndani walikuta viatu vyeusi vya shule, soli zimebandikwa, mishono imekwisha, vinang'aa. Kilichokosekana ni kamba tu. Kamba zilikuwa kwenye gunia kando.

"Jamani," Bi Gundi akasema, "hawa wamekuja wamevaa suti kamili, wamesahau mkanda."

Mipango akacheka, akawapigia makofi. "Dada zangu, tuanze na hili kwanza. Mashine ziko njiani."

"Zinakuja kwa miguu?"

"Bi Gundi, na wewe!"

"Nauliza tu. Kama zinakuja kwa miguu, zipelekee hivi viatu, zisichomwe na lami."

Watu walicheka, kisha wakakaa kwenye mabenchi wakaanza kutia kamba. Wanatia kamba mpaka leo.

Nilikwenda kumwona Mipango ofisini kwake. Hakujificha wala kuona haya. Alinieleza kwa upole, kama mwanafunzi mzuri anayemfafanulia mwalimu aliyezeeka. Kiatu kamili kinatozwa ushuru mkubwa. Kiatu ambacho hakijakamilika kinatozwa kidogo sana, kwa sababu walioandika sheria walitaka viwanda vichanga viweze kuanza na vipande kutoka nje. Kiatu kisicho na kamba, kwenye karatasi za forodha, hakijakamilika. "Kaka," akaniambia, "sijavunja sheria hata moja. Na nimeajiri watu au sijaajiri?"

Ameajiri, siwezi kukataa. Dukani, hata hivyo, viatu vyake vinauzwa karibu sawa na vile vilivyolipiwa ushuru wote. Wazazi niliowaomba wavumilie wanavumilia kweli. Jirani yangu kinyozi amewanunulia watoto wake wawili jozi moja. Mmoja anasoma asubuhi, mwingine mchana, wanapokezana getini. Na vijana wa kijiweni, nikipita, wananiita, "Mwalimu! Kamba zinaendeleaje?" Nawapungia mkono. Ningefanya nini kingine?

Utaniuliza, kama ulivyozoea kuniuliza ukiwa mdogo: kwa hiyo mjomba, ushuru ni kitu kibaya? Nimelifikiria sana swali hilo. Bei hupanda kwa asubuhi moja tu. Mkono wa fundi huchukua miaka. Kiwanda kilipokufa hakikufa peke yake. Waliokuwa wakitengeneza ngozi walifunga, muuza nyuzi alihama, na fundi aliyezijua mashine za kushonea sasa anatengeneza majokofu. Ushuru hauwezi kuwarudisha hao kwa tangazo la redioni. Kati ya bei iliyopanda leo na ufundi ambao ungerudi baadaye pamebaki nafasi kubwa, na binamu yetu amepita humo na makontena yake. Bado naamini kodi hiyo ingeweza kusaidia, kama mtu angetumwa kwenda kutazama kazi gani hasa inafanyika ndani ya lango la buluu. Hakuna aliyetumwa.

Sasa nakuja kwa mama yako.

Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja kwangu mchana akiwa bado na aproni. Alikuwa amebeba kiatu kimoja ndani ya mfuko wa plastiki. Akakiweka mezani, juu ya gazeti langu, akavuta ulimi wa kiatu nje. Pale kuna lebo ndogo ya kitambaa: "Kimetengenezwa Nchini." Nikadhani amekasirishwa na uongo ule ulioandikwa, nikaanza kumweleza habari za sheria. Akanikatiza.

"Kaka, acha kusoma. Tazama mshono."

Nikatazama. Mshono ulikuwa mshono tu.

"Washonaji wote huanzia lebo kwenye kona," akasema. "Hii imeanzia katikati, upande wa chini. Ikazungushwa yote, ikapita juu ya mwanzo wake, halafu uzi ukakatwa. Na tazama, pale inaporudia, imelala kidogo kushoto. Mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu hivyo. Nilimwambia, kona ndiyo inayobanduka kwanza, usianzie kona. Na kulala kushoto ni kwa sababu anavuta kitambaa kwa mkono wake wa kushoto, nilimgombeza wee mpaka nikachoka."

Nikamwambia washonaji duniani ni wengi, na wenye kutumia mkono wa kushoto ni wengi pia.

"Wewe ulisahihisha madaftari ya darasa zima," akanijibu. "Hukujua mwandiko wa nani ni upi?"

Nikakivuta kiatu karibu, nikautazama mshono upya. Ndipo mambo mengine yakaanza kunijia, moja baada ya jingine. Mipango aliposafiri kuja huko, alilala kwako, ulimpikia, na wewe ndiye uliyempeleka kwa bosi wako. Tulikusifu kwa ukarimu huo. Kisha katika barua yako ya mwisho kulikuwa na mstari mmoja: "Mjomba, msiweke matumaini mengi kwenye kiwanda hicho." Nilidhani ni maneno ya kijana aliyeona dunia. Nilimsomea mama yako tukacheka. Kumbe ulikuwa unajua, na ukatupimia kijiko kimoja cha ukweli, kingine ukabaki nacho.

Mwanangu, sitaki unione kama mtu asiyeelewa. Una kodi ya nyumba na una tumbo. Ile kazi ya mama yako haikuyeyuka hewani, iko mezani kwako, na ili irudi huku ni lazima itoke mikononi mwako. Ungesema, ungefukuzwa. Mtu anapowekewa lebo mbele yake na bosi amesimama nyuma, haanzi kufanya mjadala. Hayo yote nayaelewa, na kama ungenieleza ningekuwa wa kwanza kukutetea.

Lakini kuna jambo moja ambalo hulijui, au labda unalijua, na hapo ndipo paliponichoma. Kila Jumamosi ulipompigia mama yako ukamuuliza kazi inaendeleaje, alikwambia anashona. Alikwambia amepewa mashine karibu na dirisha. Alikwambia hata ngozi ya siku hizi ni ngumu na inavunja sindano. Yote aliyatunga. Aliona haya kukwambia kwamba yeye, aliyekufundisha, anashinda kutwa nzima akitia kamba kwenye matundu kama mtoto anayejifunza kuvaa. Alidanganya ili uendelee kumheshimu. Na wewe ulimsikiliza, ukamwambia, "Hongera mama, usijichoshe," huku ukijua ndani ya maboksi mna nini, maana lebo za viatu vile ulizishona wewe.

Hiyo ndiyo sababu hapokei simu. Hasira anazo, lakini hasira zingempa nguvu ya kupokea na kukugombeza. Anachoshindwa ni kuisikia sauti yako akikumbuka kila kitu alichokwambia kuhusu ile mashine ya dirishani. "Alikuwa ananisikiliza tu, Kaka," aliniambia. "Ananisikiliza kama mtu anayetazama mchezo." Halafu akavua aproni, akaikunja, akaomba maji.

Yuko bado kiwandani. Bi Gundi alimuuliza mbona amenyamaza, akamwambia jino linamsumbua. Bi Gundi anamletea karafuu kila asubuhi, naye anaitafuna ili asiulizwe zaidi. Hajamtajia mtu yeyote mkono wako.

Sasa sikiliza habari ya mwisho, ambayo ni nzito. Wiki ijayo inakuja kamati ya kuangalia kama ushuru umerudisha kazi au haukurudisha. Watakaa ukumbini, palepale niliposimama mimi. Mipango amenitumia ujumbe niwaeleze kwamba ajira zimeongezeka, na kwa upande wake amenikumbusha kwamba sisi ni ndugu. Wazazi nao wamenituma niwaulizie kuhusu bei. Nimeamua kusema ninachokijua: kwamba viatu vinakuja vimekwisha, kwamba hata lebo inayosema vimetengenezwa hapa inashonwa huko. Mama yako amekubali kukileta kiatu. Amenipa sharti moja, nami nimeliapia. Atawaonyesha mshono, lakini hakuna atakayesema ni wa nani.

Wakitusikia, upo uwezekano mkubwa kwamba makontena yatasimama. Hapa watu watakaa nyumbani, mama yako akiwa mmoja wao, na sina hakika kama kiwanda cha kweli kitafuata. Huko kwako oda itakatwa, na sijui bosi wako ataanza kumpunguza nani. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa nikitafuta njia ambayo haikupitii wewe. Sikuipata. Nimeona basi nikwambie kabla, kwa mkono wangu, ili usije ukajua kama alivyojua mama yako, kwa kufungua boksi.

Usimpigie simu kwa sasa. Mwandikie. Usianze na pesa, wala usianze na sababu. Mstari wa kwanza umwambie kwamba ulijua. Mengine yatafuata, na akihitaji mtu wa kumsomea polepole, nipo.

Mkaza mjomba wako anakusalimu, na anasema amekuombea kama kawaida. Shangazi yako wa upande wa baba anakusalimu. Yeye hana habari ya lolote, na abaki hivyo. Wadogo zako wawili hawajambo, yule wa mwisho amekuwa mrefu hadi anagonga kichwa kwenye mlango wangu wa jikoni. Nilimuuliza mama yako kama ana salamu. Alitengeneza kitambaa cha meza, kisha akasema: "Salamu zangu atazipata akishajibu."

Mungu akulinde katika kazi na katika usingizi, na akupe ujasiri wa kuandika huo mstari mmoja.

Ni mimi nikupendaye, hata katika wiki kama hii,

Mjomba wako.