Mbuzi Yenye Mukaka Alipatia Majani

Butembo, tarehe 9 Novemba 2008

Kwa Yaya Abigaïl,
Kampala

Yaya wangu mupendwa, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, wewe na shemeji Esdras na batoto. Muko namna gani kule? Ule mugongo wako wenye ulikuwa unakusumbua umepona, ao ungali unalala chini ku mukeka? Na Agar, ameanza masomo? Anapenda mwalimu wake? Ujibu yote, usiruke hata moja. Unajua namna nakasirika ukiruka maulizo yangu.

Huku tuko. Baridi ya Butembo haijabadilika. Vita nayo haijaisha: leo banasema njia ya kusini imefungwa, kesho banasema imefunguliwa, na sisi tunauza tu maharagi yetu. Mama anakohoa kidogo, mais anakula vizuri. Mungu anatulinda.

Bon. Uliniuliza habari ya Kavira, mutoto wa muyomba Muyisa. Uliandika kwamba umesikia nusu-nusu tu. Mie najua yote, juu nilienda mwenyewe mpaka kwao Manguredjipa, ku pikipiki, mu ile njia ya matope, mie mwenye kuogopa pikipiki! Nani angenizuia?

Unajua tayari kile kitu kibaya chenye Mathe alimufanyia Kavira kwa nguvu ku njia ya shamba, mwezi wa tano. Sitakirudilia. Mathe ni mutoto wa mununuzi wa zahabu, tena alikuwa anatembea na bale benye bunduki, donc watu walinyamaza. Kavira peke yake njo hakunyamaza. Alienda hospitali, akaenda polisi, akasema jina. Kisha akajifungia mu nyumba, ata ku misa hakwenda tena.

Sasa sikia mambo ya mbuzi. Unakumbuka desturi ya kule ku kilima chetu: mutu akikukosea, familia yake inakuja kufunga mbuzi mbele ya nyumba yako. Ukiipatia majani, shauri imeisha. Ukiiacha na njaa, wanaichukua tena na wanajua umekataa. Kina Mathe walileta yao, dume kubwa ya mabaka. Muyomba Muyisa akasema mutu asiiguse, akaenda kutafuta chefu wa kijiji ashuhudie kama amekataa. Chefu hakuonekana haraka. Mvua ikanyesha, mbuzi ikalia, ikalia. Na Mukaka wetu, mama yake muyomba, yeye mwenye kuongea na kuku sawa anaongea na watu, akatoka na majani ya viazi akaipatia! Mbele ya majirani wote! Yaya, wakati waliniambia nilishika kichwa.

Mbuzi ikabakia pale. Kina Mathe wakaanza kutembea kifua mbele, wakisema mambo imekwisha.

Mais kumbe yale maneno ya Kavira kwa polisi yalikuwa yanaendelea na safari yake. Mwezi uliopita tribunal, korti yenyewe, njo ilipanda mpaka Manguredjipa! Wanaiita audience foraine: ba juge, bale benye kukata mashauri, wanaacha bureau yao ya muji, wanafuata watu mahali wanaishi. Zamani, mwanamuke wa kule mwenye kulalamika alipaswa kushuka mpaka mujini, ku njia yenye banyanganyi, na akifika analala kwa nani? Wengi walichoka, wakaacha. Safari hii ba juge walikuja na gari na askari wa kuwalinda, wakakaa mu salle ya paroisse, ile nyumba ya mikutano ya kanisa.

Nilitazama kila kitu. Kwa nini wanavaa zile nguo nyeusi na joto ile? Na kile kitambaa cheupe shingoni, sawa cha mutoto mwenye kula uji, ni cha nini? Nikamuuliza greffier, mama mumoja munene mwenye alikuwa anaandika maneno yote. Akanicheka, akaniambia nikae chini.

Saa ya Kavira kusema ikafika, juge akaamuru watu wote tutoke inje. Wote! Alisema sheria mupya inaruhusu vile, asiseme mambo yake mbele ya macho ya kilima. Wakatundika na pazia, juu asimuone Mathe wala Mathe asimuone. Sitakudanganya, nilikasirika. Nilikuwa nimetoka mbali, nilitaka kusikia. Nikasimama inje na ba mama, nikijiuliza: anasema nini sasa? Analia, ao halii? Kisha nikawaza, kama ingekuwa mie mule ndani, ningependa mutu wa maulizo sawa mie Falonne akuwe ku dirisha? Hasira ikaisha.

Wakaturudisha ndani. Hapo avocat, mutetezi wa Mathe, akasimama, akasema shauri haiko tena: familia ilipokea mbuzi, ikailisha, kilima chote kiliona. Yaya, na ilikuwa kweli! Juge akikubali, Kavira amesema bure, na Mathe anatoka ku mulango mumoja na sisi.

Ule juge ni mutu wa Kasai, hakujua desturi yetu. Akataka kuelewa. Aliuliza polepole: mbuzi ililetwa na nani? Ililishwa na nani? Mukaka hakungoja kuitwa, akasimama na fimbo yake.

"Ni mie. Ilikuwa na njaa. Nilihurumia mbuzi, juu yenyewe haikumufanyia mujukuu wangu kitu."

Salle nzima ikacheka. Avocat akamuuliza kama yeye hajui desturi.

"Desturi niliijua mbele baba yako azaliwe," Mukaka akamujibu. "Mais njaa ni njaa."

Juge hakucheka. Akauliza tena: ile mbuzi ilipelekwa kwa nani? Wakajibu, kwa baba ya Kavira. Na Kavira mwenyewe, kuna mutu alimuuliza kama anataka mbuzi?

Muyomba Muyisa aliangalia viatu vyake.

Kesho yake wakasoma hukumu. Juge alisema mbuzi inaweza kutuliza familia mbili, mais kosa sawa hili haiwezi kulifuta mbele ya sheria. Mathe akahukumiwa gereza, miaka mingi. Kama ile gereza itamushika kweli, sijui, wewe unajua inchi yetu. Mais nilimuona kwa macho yangu akipandishwa ku gari na pingu mikononi.

Tulipofika nyumbani, muyomba akasema atatuma mutu arudishe mbuzi. Kavira akasema: "Hapana, Papa. Nitairudisha mie." Akafungua kamba. Muchana kweupe akapita nayo katikati ya soko, Mukaka nyuma yake na fimbo, na mie nyuma ya Mukaka. Ba mama waliacha kuuza, wakasimama. Mbuzi ilikuwa imenenepa, unafikiri Mukaka aliacha kuilisha? Kavira akaifunga ku mulango wa kina Mathe, akageuka, akarudi kwa njia ya shamba. Ile njia yenyewe. Nilimufuata mpaka nyumbani, na sikumuuliza kitu.

Salimia shemeji Esdras, umubusu Agar, na umwambie mama Tamar, jirani yako, kwamba kitenge chake kilifika. Mama anawabariki wote. Mukaka anauliza kama Kampala munafuga mbuzi. Mungu awafunike kwa mukono wake, na njia ikikuwa nzuri atukutanishe Noëli.

Mbele ya kukuandikia, nilimuuliza Kavira ulizo moja tu: kama anaruhusu nikuambie. Akasema ndiyo, na nisifiche jina lake.

Ni mie mudogo wako mwenye kukupenda, na mwenye kungoja majibu yote,

Falonne